Chupa Niliyompa Mama Aitunze

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu alikuwa amekaa kwangu Galbet miezi mitano na sikuwa nimempa hata ufagio. Ukame ulimmalizia mbuzi wote kule Wajir, nikamleta mjini, nikamwambia apumzike, kazi zote nitafanya mimi. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Akapumzika mpaka akaacha kula. Alikuwa akikaa sebuleni kutwa akitazama ukuta, uji ukipoa mbele yake, nami nikaingiwa na hofu kwamba nitamzika mama asiyeumwa chochote.

Ndipo nikaona kwenye simu namna ya kutengeneza bustani ndani ya chupa. Nikaomba dukani chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya peremende, na Jumamosi nikaketi na mama sakafuni. Nikatandaza changarawe chini, juu yake makaa niliyoyatwanga, kisha udongo mweusi wa mtoni. Nyuma ya tangi letu linalovuja kulikuwa na vijimea vinavyopenda kivuli. Nikaving'oa vitatu na mizizi yake, nikavipanda, nikanyunyiza maji kidogo na kufunga kifuniko.

"Makaa ya nini, hooyo?" akauliza. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama zetu hutuita hivyo hivyo sisi watoto wao. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa siku nyingi.

"Ili ndani kusinuke," nikamjibu. "Sasa chupa ni yako. Itunze."

Akaitunza kweli. Jua likifika dirishani aliisogeza, na vumbi aliipangusa kwa ncha ya mtandio wake. Akaanza kumaliza uji. Mimi nikaringa kazini kama daktari aliyegundua dawa.

Wiki ya pili nilirudi nyumbani nikakuta panafuka moshi. Mama alikuwa uani, chupa mapajani, kijiti chenye moto kikifuka ndani yake, na kiganja amefunika mdomo wa chupa. Vijimea vilikuwa vimenywea, vyeusi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. "Umeviua! Kitu kimoja tu nilikupa, ukakiunguza! Usiguse tena chochote humu ndani!" Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu mzazi.

Aliweka kijiti chini polepole. "Niliona inatoka jasho ndani," akasema. "Chombo kikitoa jasho hunuka. Na makaa uliyoweka wewe yalikuwa baridi. Nikasema, mwanangu amekaa mjini, amesahau."

Sikuwa nimesahau. Nimekua nikimwona akiingiza kijiti cha moto ndani ya chombo cha maziwa, akikizungusha na kufunika ili moshi ushike, na maziwa yake yalikaa siku nyingi bila kuharibika. Wanawake walitoka mbali kuja kumwomba awafukizie vyombo vyao. Matone yale kwenye kioo yalikuwa maji ya mimea yenyewe, yanapanda na kushuka, na mimi sikumweleza hata neno. Nilimwambia tu kwamba ndani kusinuke.

Nilimwomba msamaha kabla ya magharibi. Akasema amekwisha kusamehe, wallahi, hana kinyongo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilitengeneza chupa nyingine na hataki kuishika. Uji umerudi kupoa. Na sasa huomba ruhusa kwa kila kitu, kuwasha taa, kuvuta pazia.

Jana mchana nilikuwa jikoni napika. Sijui alikuwa amesimama mlangoni muda gani kabla sijageuka, na mtungi wa maji uko hatua mbili tu kutoka alipokuwa.

"Hooyo," akasema, "naweza kugusa kikombe?"