Aliyegonga Bomba Chini ya Maji

Haya sikusimuliwa na mtu, yalinipata mimi mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, nami nachimba dhahabu Geita pamoja na rafiki yangu Masanja.

Jumapili wenzetu walikwenda kwenye pombe. Sisi starehe yetu ilikuwa kupiga mbizi. Kulikuwa na shimo la zamani la mgodi, maji yalilivamia watu wakiwa ndani, likaachwa hivyo hivyo. Tulijua. Lakini maji yalikuwa safi, na ujana nao una kiburi chake. Tulichukua miwani ya vumbi ya kwenye kinu cha kusagia mawe, tukaiziba pembeni kwa nta ya nyuki, basi huko chini unaona mbao, reli, hata bomba la chuma lililoshuka gizani. Raha yake sikwambii.

Sasa sikia. Mgodini, watu wakifukiwa, waliokwama hugonga bomba. Anayesikia lazima ajibu kwa kugonga, maana yake tumewasikia, tunakuja. Mchimbaji hafikirii, mkono wenyewe unajibu.

Siku hiyo, jua bado kali, tukiwa chini wote wawili, bomba likagongwa. Ko, ko, ko. Nani agonge ndani ya maji? Kabla sijamzuia, Masanja ameshaokota jiwe na kujibu.

Tuliibuka mbio. Tulizama wawili, vikaibuka vichwa vitatu. Niamini. Katikati yetu alikuwapo mwanamume mwenye kofia ya mgodini, na taa yake ya kabaidi, ile ya moto wa gesi, imetoka majini ikiwa inawaka. Akatuamkia taratibu kwa Kisukuma, "Mwadila." Kisha akasema, "Nimesikia mmejibu. Wenzangu wako chini. Twendeni." Akamshika Masanja mkono.

Hakuvuta kwa nguvu. Alikuwa anashuka tu, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni njia, na Masanja anashuka naye, maji yakamfika kidevuni, yakamfika mdomoni. Mimi niling'ang'ania mkono wake wa pili, mguu nimeukaza kwenye ngazi ya mbao ya ukutani mwa shimo. Niliogopa mpaka nikajikojolea humo humo majini, wala sioni aibu kusema. Masanja alinitazama, macho yamemtoka pima.

Ningemwambia nini yule bwana? Kwamba ameshakufa? Kikanitoka kile tunachoambiana kila jioni tukitoka kazini: "Kaka, zamu yetu imekwisha. Watakuja wengine."

Akafikiri. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, "Watakuja kweli?"

Nikamwambia watakuja. Akamwachia Masanja, akazama, taa yake tukaiona ikishuka, ikishuka, mpaka ikapotea.

Masanja aliacha kazi, akahamia Runzewe, akawa mkulima. Mkono ule ulioshikwa haukukauka tena. Masika na kiangazi vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua, na ni vya baridi. Mkewe, Mama Kulwa, hakuwahi kumruhusu kumshika mtoto kwa mkono huo.

Shimo lipo mpaka leo, na maji yake bado ni safi. Ukipita huko siku ya joto, jipitie zako, hata miguu usinawe. Yule bwana bado anangoja zamu nyingine, na mimi ndiye niliyemwambia itakuja.