Joto la Taa za Trekta

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, mvua ya mawe ilipoangusha nguzo ya stima kule Kabras, na zahanati ikabaki bila umeme. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, nikisomea umeme, msichana peke yangu darasani. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali wifi yangu Metrine, aliyejifungua asubuhi hiyo kabla ya miezi kutimia. Mtoto alilazwa katika sanduku la mbao lililopashwa joto kwa balbu, na sasa balbu ilikuwa imezimika.

Senje Rosa, dada ya baba yangu na mkunga wa zahanati ile, alimfunga mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Mara Metrine akaanza kuvuja damu. Senje hangeweza kuinama kumhudumia akiwa na mtoto kifuani, nami nilikuwa nimelowa mvua na mwili baridi, na miti ilikuwa imeangukia barabara ya kwenda hospitali.

Uani palikuwa na trekta la miwa. Dereva wake, Shikuku, alikuwa amejikinga mvua. Nikavuta nyaya kutoka betri yake hadi kwenye ile balbu. Haikuonyesha hata wekundu.

"Haiwezekani, Senje," nikasema, machozi yakinitoka.

Hakupandisha sauti. "Umepiga hesabu, ama umepiga kelele? Machozi hayapashi mtoto joto."

Wazee wa siku zile hawakukubembeleza; walikusimamisha. Nikaokota kipande cha mkaa nikaandika ukutani. Balbu ile ilitengenezewa volti 240, ikila robo ampea. Ukinzani ni volti ugawe kwa ampea: omu 960. Volti 12 za betri zingepandaje mlima kama huo? Nguvu nayo ni volti mara ampea, na hapo haikufika hata wati moja. Betri haikuwa na kosa. Balbu ndiyo haikuwa saizi yake.

Nikapima taa moja ya mbele ya trekta kwa mita yangu: ampea nne. Kumi na mbili kugawa kwa nne, omu tatu tu. Kumi na mbili mara nne, wati arobaini na nane. Moja ingepungua kidogo kuliko balbu ya zamani, iliyokuwa ya wati sitini. Mbili zingezidi, lakini kifuniko cha sanduku ningeweza kukiinua kidogo, joto lipungue.

"Shikuku, nipe taa zote mbili. Na injini isizimwe, betri isije ikaisha."

"Na mimi nitaenda aje na giza?"

"Utalala hapa."

Akakuna kichwa. "Haya, dadangu, toa. Trekta inangojanga. Mtoto hangojangi."

Nikazifunga taa sandukuni, zikawaka. Senje akatia kiganja, akaona joto latosha, akamlaza mtoto na kumgeukia Metrine. Jua lilipotua, damu ilikuwa imekatika, na midomo ya mtoto imerudiwa na rangi. Tukamwita Wafula, kwa ajili ya ile mvua. Leo ni baba wa watu.

Mwanangu, penye nia pana njia, lakini njia hupimwa. Kitu kikikukatalia, usikitukane wala usijitukane. Uliza kinahitaji nini na nini kinakizuia, gawa, zidisha, kisha ujaribu tena. Huruma isiyo na hesabu ni moto wa makaratasi: huwaka sana, hauivishi obusuma, ugali wetu.

Mungu akupe moyo usiozimika upesi na mikono isiyotetemeka, na akuzungushie watu wa kukukemea kwa upendo. Nenda kwa amani, mwanangu.