Wiki ya Mashine

"Wiki mbili mmeifunika shuka, Rosaline. Ni mgonjwa?"

Phelista Nabwile aliuliza hivyo kwa simu, mkono kiunoni, mlangoni mwa maktaba ya Bungoma. Yeye ndiye aliyepanga kazi ya kuingiza makaratasi ya zamani kwenye kompyuta, na skana ilikuwa moja kwa maktaba mbili. Zamu ya Kitale ilikuwa imeisha, na mashine haijarudi.

"Watu wako kwa mahindi, Mama Wekoye," Rosaline, mwenzake wa Kitale, akajibu. "Hata mimi niko shambani saa hii. Nani angegeuza kurasa? Tupatie wiki yako moja, bana."

Phelista angekubali, ila mezani kulikuwa na kitabu cha ukoo cha Mzee Wakoli wa Bokoli. Mzee alikitoa shingo upande, na Jumamosi alikihitaji kwa kumuse ya ndugu yake, pale msemaji anaposimulia ukoo mbele ya waombolezaji. Kisiporudi, hakuna familia Bokoli ambayo ingewapa tena hata karatasi ya kufungia sukari.

"Ati niwape? Hiyo wiki mmeshaanza kuila. Nawadai."

"Na nani alipanga ratiba?" Rosaline akauliza, kwa ule upole wa kuudhi. "Ulitupatia Novemba. Huku Novemba hata paka anavuna."

Phelista akashusha mkono kiunoni. Kwao Bungoma mahindi huwa yameingia stoo Agosti. Alipanga kwa mvua za kwao, akasahau baridi ya Kitale inayochelewesha mahindi.

"Kuna kitabu cha mzee kinatakiwa Jumamosi, na bado hakijaskaniwa," akasema mwishowe, sauti imeshuka.

Alhamisi Rosaline akafika na pikapu ya shemeji yake, skana katikati ya magunia, makapi kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Sikuja kunywa chai. Toa hicho kitabu."

Mmoja alilaza kurasa, mwingine akabonyeza. Zilizoshikana walizitenganisha kwa kisu cha siagi.

"Hawa babu walioa sana," Rosaline akalalamika. "Wake zao wanamaliza mgongo wangu."

Ijumaa Mzee Wakoli alikuja maktabani, akakifungua kitabu katikati, akakitazama, akakitia kwapani. "Mke wangu ana picha za kanisa la kwanza. Mje baada ya kumuse."

Rosaline akapanda pikapu, skana akaiacha mezani. "Na ile wiki, bado unanidai?"

"Sikudai tena. Ratiba ilikuwa yangu," Phelista akasema. "Mashine mtaipata tena Januari, magunia yakishaingia stoo."