Mbuzi wa Mkwe

Shule niliishia darasa la pili. Nyumba ya matofali ya kuchoma pale Heru Juu nimeijenga kwa maharage yangu, sikusaidiwa na mtu. Basi mwaka 2021, damu iliponirudia ilhali nilishakoma zamani, nilinyamaza. Dada yangu alianza hivyo hivyo. Tulisema karogwa, tukamzika.

Redioni wakatangaza kwamba wanawake tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi: wanapaka siki, wanaangalia, basi. Walisema dunia nzima imepania kuumaliza ugonjwa huu. Nikapanda bodaboda hadi Kasulu mjini, nikavua, nikalala kitandani. Akaingia daktari. Mkwe wangu, mume wa binti yangu. Nilijua yuko kazini Kibondo. Kumbe wiki ile wamemwazima huku.

Kwetu mama mkwe, mabukwe tunavyomwita, na mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa, chini kukabaki wazi. Aibu haina akili.

Akatoka mbio. Nikamsikia akiulizia muuguzi wa kike. Wote walikuwa wodi ya wazazi. Nikaanza kutafuta viatu. Kunisemesha mwenyewe hawezi, hivyo alisimama mlangoni kanipa mgongo, akasema na mama mmoja mfagizi:

"Mwambie mabukwe, akiondoka leo nitamzika mimi. Na siku hiyo nitamshika miguu vilevile."

Mfagizi akanigeukia. "Umesikia, bibi. Chagua."

"Mwambie aingie. Asiongee."

Alipima kimya. Kisha akamwambia mfagizi kuna mahali pamegeuka peupe, niende hospitali kubwa wakate kinyama wakipime. Nilikwenda, nikatibiwa, nikaambiwa nimewahi.

Sijapata nguvu vizuri, huyo akaja na mbuzi jike. Akamfunga uani, akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko. Mkwe akiona asichopaswa kuona, hulipa mbuzi, ndiyo mila. Hapo aibu ya kitandani niliiona ndogo. Mtu kanitoa kaburini, halafu ananilipa faini, mimi ninayejisifu kila siku kwamba sijawahi kubebwa na mtu. Na kumrudisha mbuzi ni kumwambia kosa lake halina msamaha.

Nikampokea. Nikasema kutoka ndani, bila mtu wa katikati:

"Mkwe, binti yangu naye kapimwa?"

"Bado, mama. Anaona aibu."

"Mwambie nakuja Kibondo kumchukua."