Figo ya King'ora

Shangazi yangu tulimwita King'ora, wala hakuchukia. Alichukia mengine yote. Kwenye chumba chake cha kupiga pasi alifokea kifungo kilichokatika, umeme uliozimika, shati lililorudi na doa lilelile. Akishafoka anacheka, anauliza kama kuna chai. Hasira zake moto wa mabua.

Mdogo wake, baba mdogo, aliendesha lori la mafuta na sikuwahi kumsikia akipiga honi kwa hasira. Ukimtukana atasema, "Hamna neno." Basi figo za baba zilipogoma, na ndugu hawa wawili wakaonekana damu zao zinapatana na yake, hatukujadili. Atatoa mtulivu. King'ora, tulisema, presha yake itapasua mashine.

Hospitali wakawafunga wote wawili kipimo cha presha mkononi, washinde nacho na walale nacho. Shangazi aligombana nacho kutwa. "Kinanikaba hiki! Hata marehemu mume wangu hakunishika hivi!" Baba mdogo alikivaa akanyamaza.

Kisha daktari akatusomea majibu. Presha ya shangazi ilipanda kila alipofoka, kisha ikashuka, na usiku ikatulia tuli. Ya baba mdogo ilikuwa juu tangu asubuhi na haikushuka hata usingizini. Mtu amelala, uso mkunjufu, na kumbe ndani moyo unakwenda kama anakimbizwa! Miaka yote ile ya "hamna neno", mwili wake ulikuwa ukiyasikia yote. Nilimtazama mtu niliyekula naye sahani moja tangu utoto, nikaona simjui.

"Si kila mpiga kelele ni mzima," daktari akatuonya. "Kila mwili na mambo yake." Ila figo ya baba mdogo haikufaa; yeye mwenyewe alihitaji dawa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema. Sikujua kwamba mshindo wenyewe hupimika.

Siku ya upasuaji shangazi alisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu akilalama, "Nani kapiga pasi hii shuka? Aibu!" Baba mdogo alitembea kando yake, kamshika mkono. Mlangoni akaambiwa aishie hapo.

"Dada," akasema, "ilikuwa iwe mimi." Kisha akaangua kilio, kilio cha mtu mzima, korido nzima ikageuka. Nesi akaja mbio kumnyamazisha.

"Mwache alie!" King'ora akafoka. "Na huyo naye anatibiwa!"

Baba yu hai. Na baba mdogo, namshukuru Mungu, siku hizi anapiga honi.