Faili la Lisiti

Juzi, kwenye duka letu la pembejeo hapa Muleba, mfanyakazi mwenzangu Asha aliona faili geni kwenye kompyuta: lisiti.exe. Akaniuliza kama ni salama kulifungua, maana mimi ndiye ninayejifanya fundi. Sikulipima kwa chochote. Nilisoma jina tu, nikacheka.

“Hii ya wezi. Sisi Wahaya tunachanganya l na r mdomoni, lakini mtaalamu haandiki lisiti.”

Nikalifuta, nikabandika tangazo kwenye kioo cha kompyuta.

Mchana akaingia bosi, Ma Koku. “Nani kafuta programu ya risiti aliyonitengenezea mwanangu?”

Nikamfundisha habari za tahajia, tena kwa upole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasoma tangazo langu polepole, kwa sauti: “Usiguse. Kompyuta ina vilusi.”