Vihisi vya Mto Nyamwamba

Injinia aliyetuongoza Kasese alipenda skrini kuliko mto. Mradi wetu ulikuwa umefunga vihisi kando ya Nyamwamba, kuanzia juu ya mgodi wa Kilembe: vidude vya kupima kina cha maji na kutuma vipimo kwa redio mpaka ofisini. Mimi nilikuwa fundi wa mawasiliano. Yeye alikuwa na shahada mbili na suruali isiyojua tope.

Wageni wa mradi walipokaribia kuja, aliniamuru vihisi vitume vipimo bila kupumzika, ili mstari wa grafu uchezecheze kwenye skrini ya ukutani.

"Kutuma ndiko kunakomaliza betri," nilimwambia. "Tuviache vilale, viamke maji yakipanda. Na vipokezane ujumbe, kimoja kwa kingine, maana bonde lina kona na miamba inazuia redio."

"Madam, betri ni kitu ya kununua tu," alijibu, akifuta skrini kwa leso.

Wageni walikuja, wakapiga makofi. Walipigia makofi mstari! Hakuna aliyeuliza mto uko wapi. Wakaondoka, na amri ikabaki vilevile.

Kisha mvua ikashika mlima, jua likapotea, na paneli zetu ndogo za sola zikakosa cha kula. Vihisi vya juu vikazima kwanza. Skrini iliendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kana kwamba ni cha sasa. Nilipomwambia, injinia alisema mstari ulionyooka ni dalili ya utulivu. Mchana uleule nikamsikia akiwaambia watu wa hospitali ya Kilembe kwa simu kwamba maji ni ya kawaida.

Nikapanda bodaboda hadi Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, nilikopanga kwa mjane mmoja. Nilimkuta nje, akigonga milango ya majirani.

"Maji iko inakuja na mawe!" alinipigia kelele. "Mashini yenu imesema nini?"

"Haijasema kitu."

Tukawakokota wazee hadi mlimani. Mto ulibeba jiko lake, kisha chumba chake na changu. Watu wa safu yetu ya nyumba walipona wote, bila msaada wa kihisi hata kimoja.

Injinia alifika maji yalipopungua, na buti mpya za mpira, akapigwa picha. Baadaye aliniruhusu nipange mtandao nilivyotaka. Vihisi vikalala, vikapokezana, na betri zikadumu msimu mzima wa mvua. Akaupeleka mkutanoni Kampala kama wazo lake, akapandishwa cheo. Sikushangaa. Mtu wa aina ile huelea siku zote, kama takataka.

Kabla ya kuhama, alitaka yule mjane aseme kwenye video jinsi mradi ulivyomwokoa. Mama huyo alikuwa amehamia kwa dada yake Bwera, mpakani, akiuza vitenge. Mimi mwenyewe nilimpeleka injinia; nilitaka kuona atajibiwa nini.

"Wewe ndiye uliambia hospitali maji iko kawaida?" mjane alimuuliza.

Injinia akaanza kueleza habari za betri.

"Toka kwa mulango yangu, mutu wa televisheni. Unanizuilia wateja."

Tulipopita Kinyamaseke tukirudi Kasese, injinia alikuwa bado akilalamika kwamba watu wa mpakani hawana shukrani.